Faili "Kufungwa" na Faili "Kutiwa Kufuli": Istilahi za Kufuatilia Makufuli katika Seva ya Unix

Kitenzi "funga" kina kazi nyingi katika Kiswahili. Twafunga mlango, twafunga mzigo, twafunga Ramadhani, twafunga bao, na mwisho wa mwaka twafunga hesabu. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huo wa maana haumsumbui mtu. Katika fasiri za kompyuta, hata hivyo, umekwisha kuwapotezea watu kazi, na hapa tunakusudia kueleza jinsi unavyofanya hivyo.

Tulipopita katika wilaya za Tarime na Serengeti tulikuta ofisi moja yenye seva ndogo ya aina ya Unix, ambamo lilihifadhiwa daftari la malipo. Makarani wawili walilitumia daftari hilo pamoja, kila mmoja akiwa na mashine yake. Asubuhi moja karani wa pili alipata ujumbe uliofasiriwa hivi: "Faili limefungwa." Akaelewa, kama ambavyo msemaji yeyote wa Kiswahili angeelewa, kwamba mwenzake amemaliza kazi na faili limerudishwa mahali pake. Alijaribu kulifungua mara tatu bila mafanikio. Akadhani seva imeharibika, akaizima. Mwenzake alikuwa katikati ya kuandika. Maandishi ya asubuhi nzima yalibidi kuingizwa upya kutoka katika stakabadhi.

Karani huyo hakukosea. Aliyekosea ni mfasiri, kwa kuwa ujumbe wa asili ulisema karibu kinyume cha alichoandika. Faili lenye kufuli ni faili lililo wazi na linalofanyiwa kazi. Mwenye kazi akishalifunga, kufuli lake hutoka. Lugha inayotumia neno moja kwa hali hizo mbili humwelekeza mtumishi mahali pasipo.

Kazi ya kufuli itaeleweka upesi na yeyote aliyepata kufanya kazi masjala. Jalada linapoazimwa, karani wa masjala huandika limekwenda kwa nani, ili asije mwingine akaandika dokezo lake katika nakala nyingine. Katika Unix karani huyo ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayogawa kumbukumbu, diski na muda wa mashine. Sehemu hiyo tunapendekeza iitwe "kiini". Wapo waliopendekeza "kokwa" na "punje". Kokwa hutupwa tunda likishaliwa, na punje ni moja kati ya nyingi. Kiini ndicho ambacho bila hicho mbegu haioti.

Makufuli yenyewe ni ya namna mbalimbali. Lipo "kufuli la pamoja", ambalo michakato mingi yaweza kulishika kwa ajili ya kusoma, na lipo "kufuli la pekee", la kuandikia, ambalo hushikwa na mchakato mmoja tu. Liko linaloshika faili zima, lililoingia na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, na liko linaloshika kipande cha faili kwa hesabu ya baiti, ambalo limo katika kanuni za POSIX za mwaka 1988.

Tofauti iliyotushughulisha zaidi ni nyingine. Makufuli mengi ya Unix hayamzuii mtu kwa nguvu. Mchakato usiouliza kama kufuli lipo waweza kuandika juu ya faili bila kizuizi chochote. Tulipolieleza jambo hili Mugumu, mwalimu mmoja alisema ni sawa na miti inayopitishwa mlangoni pa zizi jioni: mwenye mikono aweza kuichomoa, lakini jirani mwenye adabu hubisha hodi kwanza. Hatukupata mfano ulio bora kuliko huo. Kufuli la namna hiyo tumeliita "kufuli la hiari", na lile linalotekelezwa na kiini chenyewe "kufuli la lazima". Hili la pili liliondolewa katika Linux tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021, lakini mfasiri wa miongozo ya zamani bado atalikuta.

Kufuatilia makufuli, basi, ni kusoma daftari la kiini. Katika Linux daftari hilo husomwa katika faili liitwalo /proc/locks. Kila mstari hutaja aina ya kufuli, kama ni la kusoma au la kuandika, namba ya mchakato ulioshika, namba ya faili katika diski, na baiti linapoanzia na linapoishia. Mstari wenye alama ya mshale ni wa mchakato unaongoja. Amri iitwayo lslocks huonyesha mambo hayo hayo pamoja na jina la programu, na husomeka kwa urahisi zaidi. Katika baadhi ya Unix za zamani orodha hiyo ilikuwa na nafasi zenye hesabu maalumu. Zikijaa, aliyeomba kufuli alinyimwa. Katika Linux orodha haina ukomo wa namna hiyo, hivyo msimamizi huangalia zaidi kama wangojao wanaongezeka, na ni nani aliyeshika kufuli kwa muda mrefu. Mchakato huo ukimalizwa, kiini huyatoa makufuli yake yote. Hakuna haja ya kuzima seva.

Mfasiri ajihadhari pia na "faili la kufuli", ambalo si "kufuli la faili". Hilo ni faili dogo ambalo programu kama LibreOffice huliweka kama alama; umeme ukikatika hubaki pale pale, na kiini hakina habari nalo.

Limebaki suala la kitenzi. "Komea" na "komoa" ni jozi nzuri, fupi, na tuliipenda. Lakini siku hizi kumkomoa mtu ni kumtendea jambo la kumwumiza makusudi, na hatukuona vema msimamizi wa seva aandike kwamba amelikomoa faili la idara. Tumerudi kwenye "kutia kufuli" na "kutoa kufuli". Ni marefu, tunakiri. "Funga" na "fungua" vibakie kwa kufunga na kufungua faili tu.

Ujumbe uliompata karani wa Tarime tungependa usomeke hivi: "Faili hili linatumika na limetiwa kufuli na mtumiaji mwingine. Tafadhali ngoja, au mwulize msimamizi wa seva."