Mgahawa wa Kihabeshi: Sinia moja, hesabu tatu

MWEKEZAJI mdogo anayekaribishwa kutia fedha katika mgahawa wa Kihabeshi hana budi kwanza kuketi mezani kama mteja. Jijini Nairobi, hasa Hurlingham na Kilimani, migahawa ya aina hiyo ipo, na mingine ni ya familia: baba yuko kaunta, mama jikoni, watoto wanahudumia.

Chakula huletwa katika sinia moja. Chini hutandazwa injera, mkate mpana na laini wenye vitundu, na juu yake huwekwa mafungu ya mchuzi. Walaji hunawa, humega na kula pamoja. Kwa macho ya mgeni, biashara hii ni rahisi: vyombo vichache na sinia moja kwa watu watatu. Hata hivyo, kuna hesabu tatu za kuangalia.

Ya kwanza ni tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi inayotoa unga wa injera. Mzalishaji mkuu ni Ethiopia. Mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza nje tefu ghafi ili kuzuia bei isipande kwa wananchi wake, ingawa injera iliyokwisha kuokwa iliruhusiwa. Mwaka 2015 masharti yalilegezwa kwa kiasi. Ndiyo maana wenye migahawa nje ya Ethiopia wengi huchanganya tefu na unga wa mtama, shayiri, ngano au mchele. Mchanganyiko hupunguza gharama, lakini mteja Mhabeshi huutambua kwa kuonja tu.

Ya pili ni kalenda. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, pamoja na siku 55 kabla ya Pasaka. Siku hizo hawali nyama, mayai, maziwa wala samli. Mahitaji huhamia kwenye adesi, mboga za majani na shiro, yaani mchuzi wa unga wa dengu. Mwenye kuuza nafaka jumla ajiandae mapema. Mwenye bucha asubiri Pasaka, ambapo doro wat, mchuzi wa kuku na mayai, hurudi mezani.

Ya tatu, na ndiyo inayowaponza wengi, ni nguvukazi. Unga wa injera hukorogwa na kuachwa uchachuke siku mbili au tatu, kisha huokwa mmoja mmoja upande wa chini tu. Vitunguu vya doro wat hukaangwa taratibu kwa muda mrefu. Kahawa hukaangwa mbele ya mgeni na kumiminwa raundi tatu, na muda wote huo meza haipokei mteja mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mauzo ya mwezi ni shilingi 600,000 za Kenya. Vyakula, pango na nishati vinakula 480,000. Zinabaki 120,000, nazo huitwa faida. Lakini wanafamilia wanne wamefanya kazi bila mshahara. Kama wangeajiriwa watu wengine kwa 25,000 kila mmoja, zingetoka 100,000. Faida halisi ni 20,000.

Familia yenyewe haipati hasara kwa hesabu hiyo, kwani fedha zote huingia nyumba moja. Anayeumia ni mshirika wa nje, ambaye gawio lake hutegemea kazi isiyoandikwa kitabuni. Binti akiolewa au kijana akienda chuo, faida hutoweka ilhali wateja ni wale wale.

Hivyo, kabla ya kutoa fedha, msomaji aombe daftari la manunuzi ya tefu, mauzo ya kipindi cha mfungo na orodha ya kila mtu anayefanya kazi, awe analipwa au halipwi. Mwenye mgahawa akikubali mishahara iandikwe, mazungumzo yanaweza kuendelea. Akikataa, ni afadhali kubaki mteja.