Kushona Nyumbani Mavazi ya Kale ya Mrima

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo tumekusudia kueleza kazi moja ya mikono ipendezayo sana saa za mapumziko, nayo ni kushona mavazi ya kale ya pwani yetu, tangu Bagamoyo hadi Saadani na Pangani. Wako wanaoyashona kwa ajili ya michezo ya shule, na wengine kwa arusi, na wengine kwa furaha tu ya kuona jinsi wazee wetu walivyovaa. Kazi hii haidai mali nyingi. Yadai macho, saburi, na kupenda kuuliza.

Kuuliza kwanza, kwa sababu kosa kubwa hufanyika kabla ya mkasi kushikwa. Mara nyingi tumetazama wanafunzi wakicheza habari ya Chuma na Susi, jinsi walivyoileta maiti ya Daktari Livingstone hata Bagamoyo, mwezi wa Februari mwaka 1874. Wanawake wa mji hutokea jukwaani wamevaa kanga nzuri zenye majina. Lakini mwaka ule kanga za namna hiyo hazikuwapo bado. Asili ya kanga ni leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo jina lake tulilipata kwa Wareno. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zisizokatwa, wakaunganisha tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja pana. Wenye maduka walipoona hayo, wakaagiza nguo zilizokwisha kupigwa chapa kwa upana ule. Maneno yalitiwa baadaye zaidi, kwanza kwa herufi za Kiarabu.

Basi watu wengi wa Bagamoyo wakati ule walivaa nini? Walivaa merikani na kaniki. Merikani ni nguo ya pamba isiyopaushwa, yenye rangi kama ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Iliitwa hivyo kwa kuwa ililetwa na merikebu za Marekani, hasa za mji wa Salem, na biashara hiyo ilistawi baada ya mapatano waliyofanya na Seyyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliikata njia ile, na viwanda vya Bombay vikashika nafasi. Hata hivyo jina halikubadilika, na mpaka leo ukienda dukani ukaomba merikani utapewa.

Nguo hii ilikuwa fedha pia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilinunua chakula na kulipa hongo kwa nguo na shanga. Shuka moja ilikuwa mikono 4, na doti moja mikono 8, yaani mkono wa mtu tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. (Wanunuzi, bila shaka, walipenda kupimiwa na mtu mrefu.) Kwa hiyo atakaye kumvika mpagazi wa mwaka 1874 na apime mikono 4 ya merikani, akunge pindo pande mbili zilizokatwa, na kazi imekwisha. Asiishone mfano wa sketi, wala asitie mpira kiunoni. Nguo ya kufungwa huanguka kwa namna yake, na mtazamaji huitambua mara moja hata akiwa mbali.

Kazi ya mshonaji hasa iko katika kanzu. Hapa twashauri mtumie bafta ya pamba tupu, wala si tetroni, kwani tetroni hung'aa na haitulii mwilini. Ifueni kwanza ili irudi kabla ya kukatwa. Kanzu ya kale haikukatwa kwa kuufuata mwili, bali kwa vipande vilivyonyoka, bila kupoteza nguo. Kipande kikubwa ni badani. Pima tangu begani hata kifundo cha mguu, zidisha mara mbili, kisha ukunje nguo begani, upate mbele na nyuma bila mshono wa bega. Ubavuni tia taharizi, vipande vyembamba juu na vipana chini, ili mvaaji apate kupiga hatua. Mikono hukatwa sawasawa, na chini ya kwapa hutiwa kikwapa, kipande kidogo cha mraba. Wengi hukiacha kikwapa kwa uvivu, na kanzu yao hupasuka siku ya kwanza mvaaji anapoinua mkono. Ndani ya shingo na mabega tia kaba, ndiyo inayozuia nguo isiharibike kwa jasho na kuipa shingo nguvu ya kubeba darizi. Shingo yenyewe ikateni mwisho, tena ndogo kuliko mdhaniavyo. Shimo dogo laweza kupanuliwa, kubwa halina dawa. Pigeni bandi kila mahali kwanza, mvaaji ajaribu, ndipo mshone. Cherehani yafaa kwa mishono mirefu, lakini darizi ya shingoni na ifanywe kwa mkono.

Joho na kizibao tutavipita upesi. Ni mavazi ya wakubwa, na mchezo mmoja hauhitaji zaidi ya joho moja au mbili. Nguo nzito nyeusi, iliyo wazi mbele na yenye uzi wa rangi ya dhahabu pembezoni, yatosha.

Kofia ya viua ni habari nyingine. Pima kichwa kwa uzi, kata ukanda wa ubavuni na duara ya juu, kila kimoja bafta mbili zilizoshikamanishwa. Chora maua kwa penseli, toboa vitundu kwa sindano nene, na kila kitundu ukizungushie uzi kwa mshono wa karibu karibu. Kofia moja yaweza kumchukua mtu miezi, akiishona barazani jioni kwa jioni. Ikisha fuliwa na kutiwa wanga, huvikwa faroma mpaka ikauke, isije ikaruka umbo.

Wala kofia haikuwa pambo tu. Desturi ya zamani ilimkataza mtumwa kufunika kichwa na kuvaa viatu mbele ya waungwana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ameandika mengi juu ya mavazi na utumwa katika kitabu chake cha desturi za Waswahili, kilichotolewa mwaka 1903. Walimu na wakisome kabla ya kugawa nguo. Utumwa ulipofutwa, Unguja kwa amri ya mwaka 1897 na Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922, watu wengi waliokuwa vichwa wazi walijinunulia kofia na kanzu, na wake zao wakaiacha kaniki wakavaa kanga. Ndiyo sababu twaona si jambo dogo kumvika kila mtu wa mwaka 1874 kanzu nyeupe na kofia. Tukifanya hivyo, tumewafuta wale wasioruhusiwa kuzivaa.

Katika michezo ya shule kila mtoto ataka joho, na kaniki hukosa mtu. Wengine hulia kabisa. Sisi huwapa kaniki wachezaji hodari, na nguo yenyewe twaitengeneza kwa uangalifu ule ule wa kanzu: twachagua pamba nzito, twaikunga pindo kwa mkono, na msichana twamfundisha kuifunga chini ya makwapa hata aweze kutembea na mzigo kichwani bila kuishika. Kaniki mpya hutoa rangi. Ifueni peke yake mara tatu au nne kwa maji ya chumvi, na msiianike karibu na bafta.