Pepo za Msimu na Ratiba ya Safari za Kilwa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko leo hupanda basi asubuhi, huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na hufika kabla ya jua kutua. Mvua kubwa zaweza kumkwamisha, kama zile za kimbunga Hidaya zilizoikata barabara hiyo mwezi Mei 2024. Lakini hana haja ya kuuliza upepo unatoka upande gani. Aliyetaka kuzuru miji kadhaa ya Bahari ya Hindi zamani alikuwa na swali lililotangulia mengine yote: nitarudi kwa upepo upi?

Mfano ulio maarufu ni wa Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko. Yapata mwaka 1331 aliondoka Aden, akavuka hadi Zeila, akaifuata pwani hadi Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kutoka Kilwa alisafiri hadi Dhofar, kusini mwa Uarabuni. Hakuwa na chombo chake mwenyewe. Alikuwa abiria katika vyombo vya biashara, na ilimpasa kuufuata msimu wa manahodha.

Asili ya msimu huo ni tofauti ya joto baina ya bara na bahari. Kuanzia Desemba hadi Machi bara la Asia huwa baridi, hewa yake huwa nzito, nayo husukumwa kuelekea kusini penye joto. Huo ndio upepo wa kaskazi. Kuanzia Aprili mambo hugeuka: Asia hupata joto, hewa yake hupanda juu, na hewa ya baharini huvutwa kutoka kusini ili kuijaza nafasi hiyo. Huo ndio upepo wa kusi. Tena, kwa kuwa dunia huzunguka, hewa isafiriyo mbali haiendi kwa mstari ulionyoka. Kusini mwa Ikweta hupindishwa kushoto, na kaskazini mwake hupindishwa kulia. Ndiyo maana kusi ya Kilwa hutoka kusini-mashariki, ilhali ikishavuka Ikweta hutoka kusini-magharibi na kumsukuma baharia kuelekea Uarabuni na Bara Hindi.

Hata hivyo kusi nzima haisafiriki. Katika Juni na Julai bahari ya Uarabuni huchafuka mno, na vyombo vya tanga viliikwepa. Basi atokaye Kilwa alikuwa na milango miwili tu: Aprili na Mei, upepo ungali mchanga, au Agosti na Septemba, ukiwa umeanza kulegea.

Tufanye hesabu. Kutoka Kilwa hadi Dhofar ni kiasi cha kilomita 3,300. Tukikadiria mwendo wa kilomita 7 kwa saa, usiku na mchana, chombo hukata kilomita 168 kwa siku, na safari huchukua siku 20 hivi. Abiria atakaye kuteremka Mombasa, Lamu na Mogadishu, wiki 1 kila mji, ataongeza siku 21. Akiondoka Kilwa katikati ya Aprili atafika mwishoni mwa Mei, salama. Akichelewa mwezi mmoja tu, atakuwa katikati ya bahari mwishoni mwa Juni, wakati wa hatari kubwa. Au akae katika mji wa ugenini hadi Agosti, akila akiba yake.

Hesabu hiyo hiyo yaeleza mahali pa Kilwa penyewe. Mji huu uko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta; Sofala, ilikotoka dhahabu, iko karibu nyuzi 20. Kadiri chombo kiendavyo kusini ndivyo kaskazi inavyodhoofika, na mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, hata kama hupungua nguvu wakati wa kaskazi. Mgeni aliyetaka kufika Sofala na kurudi Uarabuni katika mwaka mmoja alijitia mashakani. Ilimfaa aikute dhahabu Kilwa. Vitabu vingi husifu masultani kwa utajiri uliojenga Husuni Kubwa. Kwa maoni yangu upepo na mkondo vyastahili sehemu kubwa ya sifa hiyo.

Limebaki suala la tarehe. Mwaka wa Kiislamu, ufuatao mwezi, una siku 354 au 355, pungufu kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Nahodha aliyezoea kuondoka katika mwezi fulani wa Kiislamu, baada ya miaka 16 angeuona umerudi nyuma karibu nusu mwaka, na tanga lake lingekabili upepo wa omo. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa pia na mwaka wa jua, uanzao siku ya Nairuzi, wenye asili ya Uajemi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza, jumla 365. Siku za kusafiri na za kupanda mbegu zilihesabiwa kwa miongo. Hesabu hiyo haina siku ya mwaka mrefu, hivyo Nairuzi husogea siku 1 kila miaka 4; kwa baharia wa miaka 40 kazini, kosa lote lilikuwa mwongo mmoja. Huko Makunduchi, Unguja, siku hiyo ingali ikiadhimishwa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa.