Kusomea Lugha Ukitokea Elburgon: Njia Tano na Gharama Zake

Mkulima wa Elburgon, nchini Kenya, hapimi karo kwa shilingi. Huipima kwa magunia ya viazi, na mwaka ambao bei ya shambani imeanguka, karo ileile kwake huwa imepanda. Ndiyo maana kijana akimwambia baba yake kwamba anataka kusomea lugha, swali analoulizwa halihusu sarufi: "Hiyo itakulisha?" Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kusifu Kiswahili. Hujibiwa kwa hesabu.

Kabla ya hesabu, jua unanunua nini, kwa sababu chini ya jina moja la "lugha" kuna bidhaa tatu. Isimu huchunguza jinsi lugha inavyofanya kazi: sauti, maumbo ya maneno, sentensi na maana. Tafsiri hushughulikia maandishi, na dada yake ukalimani hushughulikia mazungumzo. Teknolojia ya lugha huifundisha kompyuta kusikia, kusoma na kutafsiri, nayo hudai hisabati na uandishi wa programu. Kuna pia mtego mmoja ambao wazazi hugundua wakiwa wamechelewa: shahada ya sanaa katika isimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Anayelenga kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) achukue shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia tangu mwanzo, la sivyo atarudi darasani kutafuta stashahada ya ualimu, na kuilipia.

Njia ya kwanza: Njoro

Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Wengi bado wanakijua kwa mbegu na ng'ombe, lakini kina idara ya fasihi, lugha na isimu. Kutoka Elburgon unapanda matatu hadi Njoro, kisha nyingine kwenye barabara ya Mau Narok. Kwa ramani ni karibu. Kwa mwanafunzi mwenye kipindi cha asubuhi, mvua ikinyesha na nauli ikipanda, si karibu hivyo, na wengi huishia kupanga chumba Njokerio, mtaa ulio ubavuni mwa chuo. Hata hivyo, faida ya Njoro iko kwenye chakula. Debe la viazi, maharagwe na gunia la makaa kutoka nyumbani hupunguza gharama ambazo mwanafunzi aliyeko Nairobi huzilipa kila jioni kwa pesa taslimu.

Karo yenyewe inategemea daraja la familia. Katika mfumo wa serikali wa kufadhili vyuo vikuu, familia yenye kipato cha hadi shilingi 5,995 kwa mwezi huwekwa daraja la kwanza: serikali hutoa ufadhili wa asilimia 70, mkopo ni asilimia 25, na nyumbani hutoka asilimia 5. Daraja la tatu, la kipato cha hadi shilingi 70,000, hugawanywa 50, 30 na 20. Daraja la tano, la wanaopata zaidi ya shilingi 120,000, ni 30, 30 na 40.

Tuchukue mfano wa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Familia ya daraja la kwanza italipa 10,000, ya tatu 40,000, ya tano 80,000. Lakini angalia pia deni. Kwa miaka minne, kijana wa daraja la kwanza atakuwa amekopa 200,000 kwa ajili ya karo, na wa daraja la tatu 240,000, kabla ya kuhesabu mkopo wa kujikimu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hutoza riba ya asilimia 4, na asiyelipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mfumo huu pia umepita kortini. Mahakama Kuu iliukataa Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo mwaka 2025, na mwaka huohuo serikali ikapunguza karo za kozi nyingi. Basi usikubali karatasi ya karo ya mwaka jana, wala ya binamu yako.

Njia ya pili: Nairobi

Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha tafsiri na ukalimani kinachotoa shahada za uzamili, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri. Kwa anayetaka kuketi ndani ya kibanda cha mkalimani, hapa ndipo karibu zaidi. Ila soma masharti ya soko kabla ya masharti ya chuo. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na Kiswahili hakimo. Mwenye Kiingereza na Kiswahili pekee atategemea mashirika ya kikanda, vyombo vya habari, wachapishaji na mahakama. Mahakama si soko la kudharauliwa, kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Lakini mwenye ndoto ya Gigiri aongeze Kifaransa au Kiarabu, na gharama ya kujifunza lugha hiyo ya tatu aiweke kwenye bajeti, maana haimo ndani ya karo.

Njia ya tatu: Dar es Salaam

TATAKI, taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoundwa mwaka 2009 kutokana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), hufundisha taaluma za Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi huandika tasnifu ya isimu bila kuiwaza kwa Kiingereza kwanza. Kwa mfasiri, mazoezi hayo yana thamani kuliko cheti. Gharama za kuulizia ni tatu: je, Mkenya hulipa kama mwenyeji au kama mgeni, karo ni ya shilingi au ya dola, na kibali cha mwanafunzi ni kiasi gani kwa mwaka? Pata majibu hayo kwa maandishi kutoka chuoni.

Njia ya nne: ng'ambo

Hapa bei iliyoandikwa na bei halisi hutengana sana. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo. Hata hivyo, jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Watu husikia "bure" wakafunga mizigo. Lakini anayejilipia lazima kwa kawaida aonyeshe akaunti iliyofungwa yenye yuro 11,904 za mwaka mmoja kabla ya kupewa viza. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Ni pesa zako na utazitumia kidogokidogo, lakini lazima ziwepo siku ya kwanza.

Kwa teknolojia ya lugha, mpango wa kuangaliwa kwanza ni uzamili wa Erasmus Mundus wa lugha na teknolojia ya mawasiliano, wa miaka miwili katika vyuo viwili vya Ulaya, Saarland, Groningen na Malta vikiwa miongoni mwa vyuo shiriki. Anayepata ufadhili halipi karo, na hupewa yuro 1,400 kwa mwezi kwa miezi isiyozidi 24. Nauli na viza hutoka humohumo, kwa hiyo usishangae ukihitaji kukopa tiketi ya kwanza.

Marekani ina milango miwili inayofaa wazungumzaji wa Kiswahili. Mmoja ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha: mwaka mmoja wa masomo ukifundisha Kiswahili chuoni huku ukigharamiwa. Hautoi shahada, bali hutoa uzoefu na watu wa kukuandikia barua. Wa pili ni uzamili au uzamifu ambao karo yake hufutwa kwa kazi ya kufundisha. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alipata uzamifu wake Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Wisconsin-Madison kabla ya kurejea Kenya. Hata ukifadhiliwa, kwa viza ya kawaida ya mwanafunzi tenga dola 350 za SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza, ambazo hazirudishwi ukikataliwa.

Jihadhari na madalali. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizolipia mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada. Lipa kwenye akaunti ya chuo chenyewe, baada ya barua ya chuo chenyewe.

Njia ya tano: bure, au karibu

Kitabu cha Jurafsky na Martin kuhusu uchakataji wa lugha na usemi kiko wazi mtandaoni. Masakhane, jumuiya ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, hupokea watu wa kujitolea. Common Voice ya Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa yeyote mwenye simu. Gharama ni kompyuta, umeme na bando. Kasoro ni kwamba hakuna cheti. Faida ni kwamba utajua kama kazi hii unaiweza kabla familia haijauza ng'ombe.

Na kuna mtaji ambao hauuzwi popote. Kwenye steji ya Elburgon unasikia Gikuyu, Kipsigis, Ekegusii na Kiswahili kabla gari halijajaa, na ukipanda kuelekea Mariashoni unawakuta Waogiek, ambao Mahakama ya Afrika mjini Arusha iliwapa ushindi mwaka 2017 katika kesi ya msitu wa Mau. Kompyuta hujifunza lugha kwa kulishwa maandishi na sauti kwa wingi. Watafiti wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya hazina ya namna hiyo, Kencorpus, kwa Kiswahili, Dholuo na lahaja za Kiluhya. Kiogiek hakimo. Mwombaji anayefika mbele ya kamati ya ufadhili akiwa na rekodi alizokusanya mwenyewe, kwa idhini ya wazee, hafanani na mwingine.

Uamuzi

Kwa familia ya kawaida ya Elburgon, shahada ya kwanza isomewe Njoro, na iwe ya elimu ikiwa mshahara wa ualimu ndio kimbilio. Jioni za miaka hiyo minne ziende kwa njia ya tano. Nairobi ni ya mwenye lugha ya tatu, Dar es Salaam ni ya anayetaka kuzama katika Kiswahili. Uzamili wa ng'ambo usilipiwe kwa shamba: ama uende na ufadhili, ama usubiri mwaka mwingine uombe tena. Kuomba upya ni kazi ya wiki chache, lakini ekari iliyouzwa Elburgon hairudi.