Mwanga Unaofichua Sumu Majini

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, jirani na mji wa Songea, nao husafiri karibu kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi. Maji yakiwa maangavu, mchotaji huyaamini kwa kuyatazama tu. Hata hivyo, jicho na ulimi, vinavyoweza kutambua tope na uvundo, haviwezi kutambua kiasi kidogo cha metali nzito iliyoyeyuka. Kuchemsha nako hakusaidii. Vijidudu hufa, lakini risasi na kadimi hubaki katika sufuria, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo zinavyozidi kukolea.

Kiasi kinachotiliwa shaka ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba lita 1 ya maji ya kunywa isizidi maikrogramu 10 za risasi, 6 za zebaki na 3 za kadimi. Maikrogramu 1 ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa hesabu hiyo, gramu 1 ya risasi iliyoyeyuka yatosha kufikisha lita 100,000 za maji kwenye kikomo hicho. Wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo, kwani risasi huharibu ukuaji wa ubongo.

Je, kitu kidogo namna hiyo chaweza kuonekanaje bila mitambo ya gharama kubwa? Jibu moja limo katika dawa inayojulikana na kila mtu. Mwaka 1845 John Herschel aliona mng'ao wa buluu juu ya mchanganyiko wa maji na kwinini. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes akaeleza sababu yake: kwinini hufyonza mionzi ya urujuanimno, ambayo haionekani kwa macho, kisha huitoa tena kama mwanga wa buluu. Tabia hiyo aliiita floresensi. Chumvi ya mezani ikitiwa katika mchanganyiko huo, mng'ao hufifia. Basi kufifia huko ni taarifa: kuna kitu kimeingia majini.

Vihisio vya leo vimejengwa juu ya wazo hilohilo. Molekuli ya kihisio huwa na sehemu mbili, yaani mkono wa kukamata ioni na taa ya kutoa mwanga. Mkono ukiwa mtupu, elektroni yake huirukia taa na kuizuia isiwake. Ioni ikikamatwa, elektroni hiyo hushikiliwa, na taa huwaka. Mwaka 1997 wanakemia wa Marekani walionyesha njia nyingine: waliunda molekuli kutokana na rangi iitwayo rodamini, isiyo na rangi wala mng'ao mpaka ikutane na shaba. Baadaye zikafuata molekuli za namna hiyo kwa ajili ya zebaki.

Yafaa ieleweke kwamba chombo hiki hakikosi kasoro. Zebaki ina tabia ya kuzima mng'ao wa molekuli nyingi. Tope huziba mwanga. Na metali moja yaweza kujifanya nyingine. Kwa hiyo kihisio huchagua sampuli za kutiliwa shaka, na maabara ndiyo huthibitisha.

Kwa Mkoa wa Ruvuma jambo hili lina uzito wa pekee. Katika Wilaya ya Namtumbo, eneo la Mto Mkuju, kuna hazina ya urani, ambayo kwa ajili yake mipaka ya Pori la Akiba la Selous ilirekebishwa mwaka 2012. Urani iliyoyeyuka majini mara nyingi huwa katika umbo la ioni ya uranili, ambayo yenyewe hung'aa kijani chini ya mionzi ya urujuanimno. Kikomo chake katika maji ya kunywa ni maikrogramu 30 kwa lita.

Ardhi yenye urani huweza kutia urani majini hata kabla ya jembe la mchimbaji kugusa udongo. Asiyejua maji yalikuwaje jana hawezi kuthibitisha kesho kwamba yameharibiwa, wala kwamba hayakuharibiwa. Kwa hiyo kisima na kijito havina budi kupimwa mapema, kupimwa tena, na matokeo kuandikwa mahali ambapo mwenye kuchota maji naye ataweza kuyasoma.