Je, Wajua? Redio za Mshahara wa Mchimbaji
Je, wajua kwamba wachimbaji wa madini ya bati nchini Bolivia walianza kuwa na redio zao mwishoni mwa miaka ya 1940? Hawakungoja mfadhili, walikatwa sehemu ya mishahara yao wenyewe. Hewani zilisikika taarifa za chama cha wafanyakazi, matangazo ya misiba na habari za mpira (bila mpira, nani angesikiliza?). Julai 1980, jeshi lilipopindua serikali, vituo vya migodini viliungana kutangaza yaliyokuwa yakitokea, huku askari wakivivamia kimoja baada ya kingine. Pigo kubwa zaidi lilitoka sokoni: mwaka 1985 bei ya bati iliporomoka, maelfu ya wachimbaji wakaachishwa kazi, na redio nyingi zikakosa wa kuzilipia.