Fahamu: Aliou Cissé, nahodha aliyekosa penalti akaja kulitwaa kombe akiwa kocha

Bamako, Februari 2002. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) imefika kwenye mikwaju ya penalti, na nahodha wa Senegal, Aliou Cissé, anapiga wa mwisho. Kipa anaudaka. Cameroon bingwa.

Miezi michache baadaye kiungo huyo mkabaji aliwaongoza wenzake kuifunga Ufaransa 1-0 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Ngazi ya klabu alichezea PSG na Birmingham City, miongoni mwa nyingine.

Alikabidhiwa ukocha wa timu ya taifa, Simba wa Teranga, mwaka 2015. Mwaka 2019 alipoteza fainali nyingine, mbele ya Algeria, na wengi wakadai hana mbinu. Shirikisho halikumtimua, na kwa soka la Afrika hilo ni jambo adimu.

Februari 2022, katika fainali mjini Yaoundé, mshambuliaji wake Sadio Mané alikosa penalti mapema dhidi ya Misri. Matuta yalipofika, Cissé alimwachia tena mkwaju wa mwisho. Mané akafunga. Lilikuwa taji la kwanza la AFCON kwa Senegal.

Cissé aliondoka Oktoba 2024, baada ya miaka tisa.